Masuali ya Wasomaji: Resiva ina tundu mbili, vyombo vinne

SUALI: Asalaam alaykum fundi. Mie niko Wete. Mjomba kaniletea resiva ya mtumba kutoka Dubai, ile ya kupigia spika, inapiga vizuri hasa, ila tundu za HDMI za kuingizia ni mbili tu na moja ya kutolea kwenda kwenye tivi. Nyumbani kuna king'amuzi cha Azam, PS4, deki ya Blu-ray na kiboksi cha Android ambacho watoto ndo hawakiachi. Nikenda dukani nikauziwa splita, nishaichomeka kila namna tivi nyeusi tii. Mama watoto kashachoka na hii chomoa chomeka. Ndo ninunue resiva nyengine?

JIBU: Waalaykum salaam yakhe. Usinunue resiva, na hiyo splita irejeshe kama watakubali, maana kazi yake ni kuchukua kimoja kukigawa kwenye tivi mbili, wewe unataka kinyume chake, na hata uigeuze haifanyi kazi kwa kuwa ndani yake picha inapita upande mmoja tu. Ulokuwa unaitaka inaitwa swichi, lakini hata hiyo ngoja kwanza.

Watu wengi wanadhani lazima picha na sauti zipite njia moja. Si lazima! King'amuzi chako sauti yake mara nyingi ni ya spika mbili tu, kwa hivyo HDMI yake ipeleke moja kwa moja kwenye tivi, halafu zile waya za AV, nyekundu na nyeupe, zitie nyuma ya resiva, ile ya manjano iache inin'ginie ni ya picha. Ukitaka mpira unachagua tundu hilo kwenye rimoti ya resiva, tivi unainyamazisha, basi. Zikague tu hizo plagi kila baada ya muda, sisi wa pwani chumvi inazila zikaota kijani, ukasikia spika moja imekufa kumbe ni kutu.

Sasa tundu mbili za HDMI zimebaki, mpe Blu-ray na PS4, ndo wenye sauti ya spika zote sita. Kiboksi kichomeke kwenye tivi, na sauti irudi resivani kwa ule ule waya wa HDMI unaotoka kwenye resiva, ila angalia tundu zote mbili za waya huo, ya resiva na ya tivi, ziwe zimeandikwa ARC, yaani njia ya kurejesha sauti, kitu hiki kimeanza na HDMI 1.4 mwaka 2009 kwa hivyo resiva ikiwa kongwe kuliko hapo haina. Na kwenye setingi washa CEC, ile inayofanya vyombo viongozane kwa waya wa HDMI, kwa Samsung imeandikwa Anynet+, kwa LG Simplink. Wengi hukwama hapo hapo wakasema waya mbovu.

Kama haina ARC tumia waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, kutoka kwenye tivi kwenda resivani. Vue vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha, usicheke, nishaitwa nyumba ya mtu kwa ajili ya hivyo tu. Waya usiukunje ukavunjika. Tivi nyengine kwa njia hii zinatoa sauti ya spika mbili tu, lakini kwa katuni za watoto nani atajua.

Na kabla hujaanza kugusa waya zima kila kitu ukutani.