Jibu: Nimelipa bili ya simu, bado nadaiwa

Pole sana, ndugu. Umelipa bili kwa M-Pesa, kampuni inadai haijaona pesa, na laini wamefunga! Usikubali kulipa mara ya pili. Kwanza fungua ule ujumbe wa malipo utazame nambari ya akaunti uliyoandika. Tarakimu moja ikikosewa, pesa huenda ikaingia kwa mtu mwingine. Ikiwa sawa, nenda dukani kwao na ile nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu, jumla kumi, na usitoke bila nambari ya malalamiko. Kupiga simu tu hakutoshi, kila mhudumu atakuanzisha upya. Wakizidi kukuzungusha, waandikie Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, wanaosimamia kampuni za simu; wana ofisi hapo Kisumu. Ila watakuuliza kama ulianza kwa kampuni yenyewe.