Sauti Ipo, Picha Hakuna

Swali: Televisheni yangu ya inchi 32 nikiiwasha hutoa mwanga sekunde moja, kisha kioo kinakuwa cheusi, sauti ikiendelea kama kawaida. Fundi anasema kioo kimekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? *Msomaji, Jinja*

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue bado. Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Hupitisha au kuzuia mwanga wa taa za LED zilizo nyuma yake. Usiku zima taa za chumba, washa televisheni, mulika kioo kwa tochi kali kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu zikitembea, kioo ni kizima, taa ndizo mbovu.

Taa hizo zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika, zote katika mfululizo huo huzimika. Saketi inayoziendesha hutaka mkondo usiobadilika. Mkondo ukikosa njia, yenyewe hupandisha volti mpaka ulinzi wake uikate. Mwanga wako wa sekunde moja huenda ni taa inayokata mkondo ikishapata joto.

Volti zipimwe kwenye soketi ya mikanda ya taa (vipande virefu vilivyobeba taa hizo za LED) wakati wa kuwasha. Zikiruka juu kisha zikaanguka, tatizo ni taa. Zisipopanda kabisa, fundi atazame mosfeti (swichi ya kielektroniki), dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu), na amri ya kuwasha taa inayotoka bodi kuu. Awe mwangalifu sana: kapasita (kihifadhi chaji) kubwa upande wa umeme wa volti 240 huweza kubaki na volti karibu 340 hata plagi ikichomolewa.

Badilisha mikanda yote pamoja, yenye volti zilezile kwa kila taa: kumi za volti 3 zinahitaji 30, kumi za volti 6 zinahitaji 60. Kuunganisha waya juu ya taa iliyoungua huacha doa jeusi, na zilizobaki, zilizopikwa na joto lilelile, zitafuata. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili, bila kuvuta riboni (nyaya bapa nyembamba) za ukingoni. Zikichanika, hapo kioo kimekufa kweli.

Mafundi wengi huishia hapo, na televisheni hurudi tena mezani. Mkondo nao upunguzwe! Tuseme saketi hupima mkondo wa taa kwa kushikilia volti 0.3 kwenye rizista (vizuia mkondo) tatu za omu 3 zilizoungwa sambamba: jumla ni omu 1, mkondo miliampea 300. Ondoa moja, jumla iwe omu 1.5, mkondo ushuke hadi 200. Mwanga utapungua, lakini taa zitadumu.

Swali: Bango la taa nyekundu la duka langu linasomeka vizuri, ila nikilirekodi kwa simu linaonyesha mistari myeusi. Linaharibika? *Msomaji, Mbale*

Jibu: La. Moduli nyingi za P10 (vibao vinavyounda mabango kama lako) zina mistari 16 ya taa, nazo huwasha 4 kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuatilia. Kamera hunasa zamu moja moja. Wasiwasi uwe pale utakapoona kwa macho mstari mmoja katika kila minne umezimika. Hapo fundi aanze na mosfeti inayolisha zamu hiyo.