Fundi na Wasomaji: Nakala ya Pili Iko Wapi?

Ahsanteni kwa barua za mwezi huu. Nimechagua nne, mbili za Kilimanjaro na mbili za Arusha, nami nimezifupisha bila kugusa maana. Waliouliza kwa nini intaneti hulegea kila jioni wataniwia radhi, kwa sababu tatizo lao haliko ndani ya kompyuta.

*Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Rau, Moshi. Wiki iliyopita nilikwenda steshenari ya mjini kuchapisha taarifa ya mkutano wa mwaka. Niliporudi na kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya nyumbani, nilikuta mafaili yote yamegeuka kuwa vialama vyenye mshale, na nikivibofya hakifunguki kitu. Daftari la marejesho la miaka minne limo humo. Kijana wa jirani anasema niifomati, yaani niifute yote. Nifanyeje?*
— Katibu, Rau

Dada Katibu, usiifomati, angalau si leo. Kwanza ichomeke tena bila kubofya kialama chochote, kisha fungua sifa (Properties) za flashi yenyewe uone nafasi iliyotumika. Ikiwa vialama unavyoviona vina uzito wa KB 1 au 2 tu kila kimoja, na huku kompyuta inakiri kwamba GB 3 zimetumika, basi daftari lako halijaenda popote, limefunikwa tu.

Kirusi cha aina hii hakili mafaili, bali hukaa mbele yake. Huyapiga chapa mbili ambazo Windows huzitumia kwa mafaili yake ya ndani, chapa ya kufichwa na chapa ya mfumo, halafu huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ule mshale mdogo uliopinda kwenye kona ya chini kushoto ya kialama ndio unaomfichua. Mtu anayebofya akidhani anafungua daftari huwa kwanza ameamsha programu ndogo iliyojificha humohumo, nayo hujinakili kwenye kompyuta na kusubiri flashi inayofuata, na ndiyo maana steshenari moja isiyotunzwa inaweza kuambukiza mtaa mzima. Kwa kuwa umekwisha kubofya, ichukulie kompyuta ya nyumbani kuwa mgonjwa wa pili.

Tafuta kompyuta iliyo salama, yenye kinga ya virusi iliyosasishwa. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, na katika dirisha jeusi litakalofunguka andika hivi, ukiacha nafasi kati ya kila kipande, na ukiweka badala ya E herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi h huondoa chapa ya kufichwa, r huondoa kizuizi cha kubadilisha faili, s ya kwanza huondoa chapa ya mfumo, na vipande viwili vya mwisho kabla ya herufi ya flashi huiagiza amri iingie katika kila folda. Dirisha litakaa kimya kwa dakika kadhaa kana kwamba limekataa. Liache. Ukifungua flashi baadaye utakuta mafaili yako yamejitokeza, mara nyingine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina, jambo ambalo huwatisha wengi bila sababu. Nakili nyaraka unazozitambua tu, yaani zinazoishia na .xlsx, .docx au .pdf na picha zako, wala usiguse chochote kinachoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe. Zikague kwa kinga ya virusi, uzifungue moja moja uone kwamba tarakimu zipo, na hapo ndipo ushauri wa kijana wa jirani unapopata zamu yake: fomati flashi. Kompyuta ya nyumbani nayo ikaguliwe yote. Kinga inayokuja na Windows 10 na 11 haina malipo, nayo inatosha kwa kazi hii.

Nazungumza kwa ukali kuhusu kufomati kwa sababu na mimi niliwahi kukosea. Katika miaka yangu ya kwanza ya ufundi nililetewa flashi yenye ugonjwa huuhuu, nikaifomati palepale, nikamrudishia mwenyewe ikiwa safi kama sahani. Akaniuliza zilipo picha za ubarikio wa mwanawe. Tulizipata baadhi, kwa sababu fomati ya haraka hufuta orodha tu ya yaliyomo na kuyaacha mafaili mpaka yaandikiwe juu, lakini nilikuwa nimeshampakia nyimbo mbili tatu za zawadi, na mahali zilipokaa hapakurudishika. Basi yeyote aliyekwisha kufomati flashi kwa bahati mbaya aiweke kando na asiandike juu yake hata herufi moja kabla ya kumfikia mwenye programu ya kurejesha mafaili.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Sanduku la kikundi chenu, kama yalivyo masanduku mengi ya vikoba, bila shaka lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, kwa kuwa mlikubaliana kwamba fedha za wengi hazishikwi na mkono mmoja. Daftari linaloeleza fedha hizo ni za nani lilikuwa ndani ya kitu kifupi kuliko kidole, nalo lilikuwa moja tu. Mafundi wana desturi ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwenu ingekuwa kompyuta yako, flashi inayokaa kwa mweka hazina, na akaunti ya barua pepe ya kikundi ambayo unaitumia faili kila baada ya mkutano. Faili lenyewe liwekewe nywila, maana lina majina, namba za simu na madeni ya watu, na taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Steshenari peleka flashi nyingine kabisa, isiyo na kitu ila ule ukurasa wa PDF unaotaka kuchapisha. Ukilazimika kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, usiondoke kabla hujatazama katika simu yako orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa kile kisicho chako.

*Kompyuta ya duka langu Kaloleni, Arusha, kila asubuhi inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Fundi mmoja ameniambia mazabodi imekufa. Ni kweli?*
— Mwenye duka, Kaloleni

Sidhani. Kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kuna betri ya duara inayofanana na sarafu, iliyoandikwa CR2032. Tarakimu hizo zinataja upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Hiyo ndiyo inayoitunzia kompyuta saa yake wakati umeme haupo, na duka linalozima swichi ya ukutani kila jioni huimaliza mapema. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba bado tuko mwaka 2015 hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, ikakikataa kwa haki kabisa. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri kwa kufuata upande uleule wa alama ya kujumlisha, washa, rekebisha saa. Tatizo likiendelea baada ya hapo, ndipo mzungumze habari za mazabodi, tena na fundi mwingine.

*Mwanangu Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Machame. Simu aliyoninunulia binti yangu ina GB 64 na kila siku inasema imejaa. Nimo katika makundi kumi na moja ya WhatsApp: ya ukoo, ya jumuiya, ya tuliosoma pamoja, na ya kamati za harusi ambazo harusi zenyewe zimekwisha kufungwa. Mjukuu anasema nifute picha zote kwa kuwa ziko Google. Nikizifuta, picha za marehemu mzee zitabaki kweli?*
— Mwalimu, Machame

Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu amesema nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari. Katika programu ya Google Photos, picha iliyokwisha kuhifadhiwa huhesabiwa kuwa moja, iwe unaiona kwenye simu au kwenye akaunti. Ukiifuta ndani ya programu hiyo, inaondoka pande zote mbili. Ipo sehemu nyingine, ya kupunguza mzigo wa simu, ambayo huondoa kwenye simu zile tu ambazo akaunti imekwisha kuzipokea. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ikiwa umekwisha kubofya ile ya kwanza, picha zilizokuwa zimehifadhiwa hukaa kwenye kapu la taka kwa siku 60, kwa hiyo zirudishe mapema.

Hata hivyo, kabla ya kufuta picha moja ya mzee, mwombe binti yako afungue akaunti yako katika simu yake, mzitazame pamoja. Zikionekana huko, zipo. Kisha azinakili kwenye flashi mbili, moja ibaki kwake na moja kwako, kwa sababu akaunti ni mlango wenye nywila, na nywila inasahaulika hata na walimu.

Lakini sidhani kwamba mzee ndiye aliyeijaza simu. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Utaoneshwa makundi yako kwa kufuatana na uzito, na juu yake mafungu mawili: mafaili yanayozidi MB 5, na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Lile fungu la pili ni salamu za asubuhi zenye maua, mahubiri ya dakika kumi na video za dawa ya kitunguu swaumu. Chagua zote, futa, wala usizihurumie, zitarudi kesho. Ili zisirudi na mzigo, zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, uwe unapakua ile tu unayoigusa mwenyewe, na bando nalo litapumua.

Kamati za harusi ni jambo la peke yake. Kutoka kwenye kundi hakuondoi video zake. Lazima ulifute kundi lenyewe ukikubali mafaili yake yafutwe pia. Na kutoka katika kamati ambayo bibi harusi amekwisha kupata mtoto wa pili si utovu wa adabu, ingawa nawajua watakaouliza.

Jambo la mwisho: akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, nyaraka na picha. Tangu 2024 nakala ya WhatsApp ya simu za Android nayo inahesabiwa humo. Nafasi ikijaa, hata barua pepe huacha kuingia, kwa hiyo kusafisha WhatsApp kunakuponya mara mbili.

*Ninaendesha kampuni ndogo ya utalii hapa Sakina, Arusha. Nimeambiwa Windows 10 imekwisha, hivyo nataka kuuza laptopu ya ofisi. Nimeifomati. Je, mnunuzi anaweza kuona nakala za pasipoti za wageni wangu?*
— Msomaji, Sakina

Ikiwa ulifanya fomati ya haraka, ndiyo, na hahitaji kuwa mtaalamu. Programu ileile iliyorejesha picha za ubarikio itamrejeshea pasipoti. Kuhusu Windows 10, kilichokoma Oktoba 14, 2025 ni masasisho ya kawaida ya usalama. Mashine inaendelea kuwaka, lakini kwa ofisi inayotunza nyaraka za wageni si busara kuendelea hivyo, na kama haina chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11, uamuzi wako wa kuibadilisha ni sahihi.

Kwa diski ya zamani inayozunguka, fanya fomati kamili, ile inayochukua saa kadhaa, kwa kuwa huandika sifuri juu ya diski nzima. Diski za SSD, zile mpya zisizo na kitu kinachozunguka, hupanga maandishi kwa namna yake, hivyo tumia programu ya kufutia ya mtengenezaji wa diski. Mimi, kwa pasipoti, nisingefanya lolote kati ya hayo. Ningefungua skrubu chache za chini, nikaitoa diski, nikauza laptopu bila diski kwa bei pungufu, na diski nikaitia kwenye kasha lake la USB iwe chombo cha nakala za ofisi.

Kisha kaa na madereva wako. Pasipoti ileile ulimtumia dereva kwa WhatsApp ili apate namba ya mgeni getini, ukaituma pia kwa barua pepe kwenye hoteli mbili, na nakala zote hizo bado zipo. Anza na simu za madereva, halafu barua zako zilizotumwa, msimu hadi msimu, na kwa mgeni ajaye mwandikie dereva jina na namba tu.