Kioo cha milimita 150: chukua fokasi ndefu

Ndugu yangu wa Ilemela, umeuliza kioo chako cha darubini, chenye kipenyo cha milimita 150, ukisugue kwa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 750, upate darubini fupi ya kubeba kwenye bodaboda, au 1200. Kwa kioo cha kwanza, nakusihi uchukue 1200.

Vipande viwili vya kioo vikisuguana kwa mkono hujipa umbo la tufe vyenyewe. Parabola, umbo la bakuli linalokusanya mwanga wa nyota kwenye nukta moja, utaitafuta mwishoni, wakati wa kung'arisha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kwenye 1200 tufe hukosea parabola kwa takriban robo tu ya urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo marekebisho ni madogo. Kwenye 750 hukosea karibu wimbi zima, na pete za Zohali zitakuwa ukungu mpaka uipate parabola yenyewe. Kina cha katikati kwenye 1200 ni kama milimita 1.2 tu, kidogo mno, lakini kinapimika.

Ukikipeleka kioo kupakwa alumini, omba na tabaka la kinga juu yake, maana unyevu wa ziwa huila. Umande ukikishika usiku, kiache kikauke ndipo ufunike. Usikifute kwa kitambaa kamwe.