Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Meza na za Msalaba

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Mbeya. Kwetu ibada ni tatu, na Jumapili ya Meza ya Bwana muda unabana. Mzee wa zamu ameagiza kila wimbo uimbwe beti mbili tu. Nilipolalamika, mmoja akanijibu kwamba nyimbo hizo za msalaba ni za Wazungu, hazimo kwenye Biblia, kwa hiyo zikikatwa hakuna hasara. Unasemaje?

Marahaba, mwalimu. Nianze na huyo aliyekujibu, maana hoja yake ni ya zamani kuliko kanisa lenu. Isaac Watts alipokuwa kijana huko Uingereza, makanisa mengi ya Kiprotestanti yaliimba zaburi tu, na aliyeleta utenzi wa kutunga aliulizwa hayo hayo: uko wapi kwenye Biblia? Mwaka 1707 Watts alitoa kitabu cha nyimbo chenye sehemu tatu, na ya tatu nzima ilikuwa ya kuimbwa kwenye Meza ya Bwana. Humo ndimo ulimotoka utenzi wake wa kuutazama msalaba wa ajabu, ambao bila shaka kwaya yako inaujua.

Sasa chukua Biblia yako. Ubeti wa kwanza, mtu anatazama msalaba na faida zake zote zinageuka hasara: hiyo ni Wafilipi 3:7. Wa pili anakataa kujisifia chochote: Wagalatia 6:14, “Lakini mimi, hasha, nisione fahari juu ya kitu cho chote ila msalaba wa Bwana wetu Yesu Kristo.” Baada ya hapo macho yanapanda kwenye kichwa chenye taji ya miiba, yanashuka mikononi na miguuni. Ubeti wa mwisho ndipo mwimbaji anapotafuta cha kutoa. Anaona hata dunia nzima ingekuwa mali yake, bado ni zawadi ndogo mno, basi anajitoa mwenyewe.

Ukikata baada ya ubeti wa pili umefanya nini? Watu wametangaza kwamba hawaoni fahari ila msalaba, kisha wameketi kabla ya kumwona aliyetundikwa na kabla ya kuambiwa wanadaiwa nini. Mahubiri ya namna hiyo mchungaji wako asingekubali kuyatoa. Utenzi wa mateso hujengwa ngazi kwa ngazi, na mara nyingi sadaka iko ngazi ya mwisho.

Kama mzee wa zamu anataka neno la Maandiko, msomee Mathayo 26:30. Baada ya mkate na kikombe, “walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni.” Wafafanuzi wengi wanaona kwamba waliimba zile zaburi ambazo Wayahudi huzitumia kwenye Pasaka, ya 113 hadi ya 118. Zisome kwa mfululizo uone. Ya 116 ina kikombe cha wokovu na kamba za mauti. Ya 118 ina jiwe walilolikataa waashi. Usiku ule, msaliti akiwa ameshatoka, hatusomi kwamba mtu alisema muda umekwisha.

Kuhusu saa, mzee wako ana haki kidogo. Wimbo wa kuingia upunguzeni, sina ugomvi. Ule mrefu wekeni wakati washiriki wanakwenda mezani, maana foleni hiyo ina urefu wake mwaimba msiimbe. Na matangazo je? Na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi nje ya kanisa? Huko sijawahi kumwona mzee wa zamu akitazama saa.

Bwana asifiwe. Mwanangu yuko chuo kikuu. Amesoma kwamba aliyetunga “Damu imebubujika” alikuwa na ugonjwa wa akili na alijaribu kujiua. Sasa nikiuimba moyo unasita. Tuuache? Mama, Nakuru.

Asifiwe, mama. Mwanao amesoma sawasawa. William Cowper, mtunzi wa utenzi huo, alijaribu kujiua mwaka 1763, akapelekwa mji wa St Albans, Uingereza, kutibiwa. Baadaye alihamia Olney, jirani na mchungaji John Newton, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Utenzi huu ulichapwa mwaka 1772, na mwanzoni mwa 1773 ugonjwa ukamrudia. Newton alimtunza nyumbani kwake zaidi ya mwaka mmoja. Kuanzia hapo Cowper aliamini kwamba Mungu amemkataa, na hofu hiyo hakuiponyoka kabisa mpaka kifo chake mwaka 1800.

Mama, usiuache. Chemchemi aliyoiimba ni ya Zekaria 13:1, iliyofunguliwa kwa ajili ya dhambi na unajisi. Na angalia ni nani anayeletwa kwenye chemchemi hiyo: mwizi wa Luka 23, mtu asiye na muda wa kutengeneza maisha yake. Cowper alijiweka upande wa mwizi. Eliya naye aliomba afe, 1 Wafalme 19:4, na hatujamfuta kwenye mahubiri. Kanisani kwenu wapo wanaoketi na mzigo kama wa Cowper bila kumwambia mtu. Wakijua wimbo huu umetoka kwa nani, huenda wakathubutu kumfuata mchungaji, na daktari pia.

Naomba kujua “Tantum Ergo” imetoka wapi. Mkatoliki, Moshi.

Ni beti mbili za mwisho za “Pange lingua”, utenzi wa Kilatini wa beti sita ambao kwa mapokeo ni wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wa wakati Papa Urbano wa Nne alipoiweka sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa lote, mwaka 1264. Beti za kabla yake ndizo zenye habari ya karamu ya mwisho, Bwana akijitoa kwa mikono yake mwenyewe kuwa chakula cha wale Kumi na Wawili. Alhamisi Kuu imbeni nne za kwanza kwenye maandamano, mkizirudia kama njia ni ndefu. “Tantum Ergo” isubirini mpaka padre apige magoti na kufukiza ubani.