Ukurasa Mmoja, Anwani Nane: Marudio Yanavyoishusha Tovuti Kwenye Google

Wenye tovuti wengi wanaogopa “adhabu” ya maudhui yanayojirudia. Hofu hiyo imepita kiasi. Google haiadhibu marudio ya kawaida; inayoandamwa ni tovuti inayonakili kazi za wengine kwa wingi ili kuhadaa matokeo. Hasara ya marudio ya kawaida huingia kwa mlango mwingine.

Google ikikuta kurasa zinazofanana, huzikusanya kundi moja, huteua moja ya kuonyesha na kuziacha nyingine. Huenda ikateua usiyoitaka, mathalani ile ya kuchapishia kwenye karatasi. Isipozitambua kuwa ni kitu kimoja, viungo ulivyopewa na tovuti nyingine hugawanyika, kila nakala ikabaki dhaifu. Na kwenye tovuti kubwa, roboti yake (programu inayopitia na kusoma kurasa) hupoteza muda ikisoma nakala huku kurasa mpya zikingoja.

Marudio mengi hayatokani na mwandishi, yanatokana na mipangilio. Ukurasa wenye http na https, wenye www na usio nayo, tayari una anwani nne. Ongeza alama ya / mwishoni, zinakuwa nane. Duka lenye vichujio vya rangi, saizi na bei hufika mamia bila mtu kuandika neno.

Chagua umbo moja la anwani, kisha seva izielekeze nyingine zote huko kwa 301 (jibu la seva linalosema ukurasa umehamia anwani nyingine kabisa), kwa hatua moja tu, si kwa mnyororo. Iache 301 hiyo kwa mwaka mzima angalau. Viungo vya ndani na ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako) vitumie umbo hilohilo. Hapa ndipo wengi huteleza.

Kurasa ambazo wageni bado wanazihitaji, kama za vichujio, weka tagi hii kwenye head zake (sehemu ya msimbo wa ukurasa ambayo msomaji haioni):

<link rel="canonical" href="https://…">

Andika anwani kamili ya ukurasa unaotaka Google iuonyeshe. Tagi hii, iliyotangazwa 2009 na Google, Yahoo na Microsoft, ni pendekezo tu. Google inaweza kuipuuza. Usizuie nakala hizo kwa robots.txt (faili linaloiambia roboti isiingie wapi), maana roboti isiyoruhusiwa kuingia haiwezi kuiona tagi. Wala, kwenye orodha iliyogawanywa kurasa kadhaa, usielekeze kwa tagi hiyo ukurasa wa 2, wa 3 na kuendelea kwenye ule wa 1: vilivyomo huko havirudiwi popote, na vinaweza kupotea kwenye matokeo.

Baada ya hapo, ikague anwani ndani ya Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti), ulinganishe uliyoitangaza na iliyoteuliwa na Google. Zikitofautiana, anza kuangalia viungo vya ndani kabla ya kuilaumu tagi.

Maelezo ya bidhaa yaliyonakiliwa kwa mtengenezaji hayatibiki kwa tagi wala 301, kwani maduka mengine yanayo hayohayo. Huna budi kuyaandika upya, ukianza na bidhaa zinazouzika zaidi: vipimo ulivyochukua mwenyewe, picha zako, na majibu ya maswali ambayo wanunuzi huuliza kila siku.