Friji ya gari letu la safari inazima usiku: tuongeze betri?

SWALI: Habari fundi. Mimi na mume wangu tulinunua HiAce ya dizeli iliyostaafu umatatu hapa Nakuru. Tulitoa viti tukaweka kitanda, kabati, meko ya gesi na friji ndogo ya volti 12, ile ya kompresa. Betri ya pili ni N70 kama ile ya kuwashia gari. Iko chini ya kitanda, na inachajiwa na altaneta kwa waya uliotoka betri ya mbele, katikati pana swichi ya mkono. Tukilala Dunga kule Kisumu, friji inazima kama saa tisa usiku, ingawa taa bado zinawaka vizuri. Samaki wameharibika mara mbili sasa. Fundi wa umeme wa magari anasema tununue betri ya Ah 200 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri). Ndiyo dawa? Na paneli ya sola ya wati 100 itasaidia? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, hela ya betri iweke kwanza. Hapo uliposema taa bado zinawaka ndipo penye nusu ya jibu.

Friji ya kompresa ina kinga ndani yake: ikiona volti zimeshuka mno, hujizima yenyewe ili isiimalize betri. Shida ni kwamba haioni volti za betri. Inaona zile zinazoifikia baada ya kupita kwenye waya, na waya mwembamba hula volti njiani. Chukua waya wa 1.5 mm², ambao ndio mafundi wengi huvuta kwa sababu unapinda kirahisi. Ukitembea mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, na friji inavuta ampea 5, unapoteza karibu volti 0.7. Kwa hiyo betri ikiwa na volti 12, friji inapata 11.3, na kompresa inapoanza kuzunguka inavuta zaidi, volti zinashuka tena, friji inajizima. Taa za LED haziyajui hayo. Kwa volti 11 zinawaka tu.

Kama friji imechomekwa kwenye lile tundu la kiberiti cha sigara, litoe leo. Plagi yake hulegea kwa mitikisiko, na hujui imelegea mpaka upate maziwa yamechacha. Vuta waya wa 6 mm², chanya na hasi zote mbili kutoka kwenye betri yenyewe, bila kutegemea bodi ya gari kuwa njia ya hasi, na fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na betri. Halafu chukua multimita, hata ile ya bei ya chini kabisa, upime kompresa ikiwa inafanya kazi: kwanza kwenye vichwa vya betri, kisha pale waya unapoingia kwenye friji. Tofauti ikizidi volti 0.3, kazi ya waya haijaisha.

Nusu ya pili ya jibu ni kwamba betri yako inafika Dunga ikiwa haijajaa.

Washa injini, iache dakika kumi, ikanyage kidogo izidi sailensa (mzunguko wake wa chini bila kukanyagwa), upime betri ya mbele. Altaneta nzima itakupa volti 13.8 hadi 14.4. Kisha pima betri ya nyuma hapohapo. Mbele ikisoma 14.2 na nyuma 13.4, hiyo tofauti inaliwa na waya, swichi na nati ya waya hasi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi. Volti 0.8 inasikika ndogo, lakini betri ya asidi kama yako kwenye 13.4 inachaji kwa kusuasua, na haitajaa kwa mwendo wa siku moja. Betri ya Ah 200 juu ya waya huohuo ni sawa na kununua tangi kubwa wakati bomba linatoa uzi wa maji.

Hata waya ukiwa mzuri, safari yenyewe ni fupi. Nakuru, Mau Summit, Londiani, Kericho, Ahero, Kisumu: saa tatu na ushee kama malori hayajakuzuia. Betri ya asidi hupokea chaji haraka ikiwa tupu, ila asilimia 20 za mwisho huchukua saa kadhaa hata umpe altaneta kubwa namna gani. Tuseme unafika ikiwa na robo tatu. N70 ina karibu Ah 70, kwa hiyo una 52. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, yaani 35. Kilicho chako kwa usiku ni Ah 17. Joto la Kisumu si la Nakuru. Huko ziwani kompresa inafanya kazi karibu nusu ya muda, wastani wa ampea 2.2 kila saa. Ukizima injini saa kumi na mbili jioni, Ah 17 zinaisha mnamo saa nane usiku. Wewe uliandika saa tisa. Betri yako haina ugonjwa wa ajabu, hesabu ndiyo iliyogoma.

Tena N70 ni betri ya kuwashia gari: vibati vyake ni vyembamba, vimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiishusha kila usiku itakufa mapema. Pima asubuhi gari likiwa limezimwa na hakuna kinachovuta: 12.7 imejaa, 12.1 iko nusu au chini kidogo, 11.8 umeshaiumiza.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Betri ya maji chini ya kitanda hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo cheche moja inatosha kuilipua. Mna meko ya gesi humohumo. Iwekeni kwenye kasha lililofungwa lenye mpira wa kutoa hewa nje ya gari, au mnunue iliyozibwa. Na mkipata baridi mkilala Timboroa, jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata dirisha likiwa wazi.

Waya wa kuchajia ninaupenda uwe 16 mm². Wekeni fyuzi ncha zote mbili, kwa sababu pande zote mbili kuna betri na kila moja inaweza kuuchoma waya. Ampea 60 inatosha. Kila unapopita kwenye bati pawe na mpira wa kuuzuia usikwaruzwe. HiAce ya barabara zetu inatikisika mwaka mzima na bati hukata polepole. Ile swichi ya mkono iondoeni, kwani siku mtakayosahau kuizima mtaamka Dunga na betri zote mbili zimelala. Ipo relei inayounganisha yenyewe volti zikifika kama 13.3 na kuachia zikishuka karibu 12.8. Haihitaji kukumbukwa na mtu.

Nikifuata mfuko wa kawaida, ningefunga betri moja ya sola ya Ah 100 iliyozibwa pamoja na waya huo na relei. Ukiwa na hela zaidi, lithiamu ya LiFePO4 ya Ah 100 inakupa Ah 80 au zaidi za kutumia na inajaa haraka. Ila usiiunganishe na altaneta moja kwa moja. Lithiamu inavuta kila inachopewa, na gari likiwa kwenye foleni, injini inazunguka taratibu, feni ya altaneta haipulizi vya kutosha, na altaneta inaungua. Kati yao lazima pawe na chaja ya gari ya volti 12 kwa 12, ya ampea 20 au 30. Atakayekuambia haihitajiki, mwulize nani atalipa altaneta.

Kuhusu sola: wati 100 kwa jua letu la saa 5 hivi za nguvu, ukitoa joto na hasara nyingine, ni karibu Ah 28 kwa siku. Friji yako Kisumu inakula zaidi ya 50. Kwa hiyo 100 inasaidia, 200 inabeba. Ilaze tu juu ya paa. Vitabu vya Ulaya husema uiinamishe sana, lakini sisi tuko kwenye ikweta na jua la mchana liko utosini. Mwinamo mdogo wa kutiririsha maji na vumbi unatosha. Kinachoua sola ni kivuli, na mahali pazuri pa kuegesha ziwani huwa chini ya mti. Wenye magari haya wengi huishia kuwa na paneli moja juu na nyingine ya kubeba, yenye waya wa mita 5, wanaitoa juani gari likibaki kivulini.

Vitu vidogo visivyo na gharama: poza friji kwa umeme wa nyumbani usiku wa kuamkia safari, weka chupa mbili za maji yaliyoganda, na acha nafasi ya vidole vinne nyuma ya kompresa ipumue. Samaki nunueni asubuhi ya kurudi, si jioni ya kufika. Wa jioni aliwe hukohuko.

Mkimaliza kupima, niandikie namba tatu: volti za betri ya mbele injini ikiwaka, za nyuma wakati huohuo, na zile zinazofika kwenye friji kompresa ikifanya kazi. Nikiziona nitakuambia ni waya upi uanze nao.